Uzi wa kuchonga maboga ya Halloween: boga gani, msumeno gani, na mbegu zinaenda wapi

MwanaMorogoro (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za ughaibuni. Oktoba imeingia, Halloween inakuja tarehe 31, usiku ambao watu wa huku huweka mlangoni maboga yaliyochongwa na kutiwa taa. Kila nikipita dukani nawakuta ndugu zetu wamesimama mbele ya yale makasha ya maboga, wanayageuzageuza, hawajui wachukue lipi. Wakifika nyumbani wanatwaa kisu cha kukatia nyama na kuanza kulichoma. Nimeona nifungue uzi huu tusaidiane, maana watoto wetu wanaokulia huku wanaisubiri kazi hii mwaka mzima, na ni kazi ya mikono inayostahili kufanywa vizuri.

Naanza na boga lenyewe. Mengi yanayopangwa nje ya maduka mwezi huu ni Howden au jamaa zake. Mkulima John Howden wa Massachusetts aliiboresha mbegu hiyo miaka ya 1960 ili apate boga lenye rangi ya chungwa iliyokolea, mifereji iliyoingia ndani na kikonyo kinene. Moja huwa na kilo 9 hadi 14 hivi. Sufuriani halina maajabu, nyama yake ina nyuzi na maji mengi, utamu haba. Kwa kuchonga sasa, hapo ndipo mahali pake: linasimama wima na ukuta wake haugombani na msumeno. Vile vidogo vya kiganjani vinavyoitwa Jack Be Little viache viwe pambo la mezani. Ukitaka kitu cha tofauti tafuta Lumina, ganda jeupe na nyama ya chungwa. Ukilikwangua bila kulitoboa unapata rangi mbili kwa mara moja.

Kabla hujalipia, liweke chini uone kama linakaa bila kuyumba. Libonyeze kwa ukucha: ukizama kirahisi, boga ni changa. Pitisha kidole kuzunguka kikonyo na kule chini kwenye kitovu, kwa sababu kuoza huanzia huko. Na tafadhali usilibebe kwa kikonyo. Kikikatika, kidonda kinachobaki ni mlango wa ukungu. Chagua lenye upande mmoja laini usio na makovu, huo ndio utakuwa uso.

Sasa kazi yenyewe. Wengi hukata mfuniko juu. Msumeno uulaze mshazari, ncha ikielekea katikati ya boga, ili mfuniko upate pa kukalia. Ukikata wima utatumbukia ndani. Acha pembe moja kwenye mduara ili ujue unavyorudi. Mimi napendelea kukata chini, kwenye kitako. Unalifunika boga zima juu ya taa, kikonyo kinabaki na uzuri wake, na sehemu ya juu haibonyei. Ila kama ni mshumaa halisi, kata juu.

Toa mbegu na nyuzi zote kwa mkono. Halafu chukua kijiko kikubwa cha chuma ukwangue ule upande wa uso mpaka ukuta ubaki kama sentimita mbili na nusu. Watu huchoka mapema hapa, na mimi nasema hapa ndipo boga linapopatia uzuri wake. Ukuta mnene unameza mwanga, ukuta mwembamba kupita kiasi unanyauka kwa siku mbili. Kupima unene, choma pini ndefu.

Mchoro uchore kwenye karatasi, ubandike kwa utepe wa gundi, kisha utoboe vitundu vidogo kufuata mstari. Ukiitoa karatasi pakaza unga wa ngano kidogo, vitundu vyote vitaonekana vyeupe. Tumia msumeno mwembamba wenye meno, ule unaouzwa pamoja na vijiko vya kukwangulia kwa dola chache. Kwenda na kurudi taratibu, bila kuusukuma. Anza na matundu madogo na yale ya katikati, mdomo mkubwa uwe wa mwisho, kwa sababu kila tundu linapunguza nguvu ya ukuta na wewe bado unauegemea. Kipande kilichokatika kisukume kwa kidole kutoka ndani. Kikigoma, kigawe mara mbili kitoke nusu nusu.

Wenye ujuzi zaidi ongezeeni.

Mama_Wawili (Minneapolis)

Asante sana kaka kwa somo. Mwanangu wa darasa la pili amekuja na karatasi ya shule, wanataka kila familia ilete boga moja lililochongwa. Shida ni kwamba mama mkwe yuko hapa kututembelea kutoka Kisii, na amesema boga lenye uso wa kutisha halitawekwa mlangoni akiwa ndani ya nyumba. Namheshimu, sitaki kumpuuza. Lakini nataka nimweleze vizuri kitu hiki kimetoka wapi, na mimi mwenyewe sijui. Mwenye historia tafadhali.

Baharia_Mstaafu (Mayo, Ireland)

Dada, hapo umenigusa, mimi naishi magharibi mwa Ireland na huku ndiko kitu hiki kilikoanzia.

Kabla ya maboga walichonga tanipu, mzizi mgumu wa jamii ya kabichi wanaoulisha mifugo. Pale Turlough Park, nje kidogo ya mji wa Castlebar, kuna tawi la Makumbusho ya Taifa linalohusu maisha ya vijijini. Ndani yake ipo sanamu ya plasta ya tanipu iliyochongwa, iliyotoka kijiji cha Fintown, Donegal. Makumbusho yalipelekewa tanipu yenyewe mwaka 1943 ikiwa imekauka na inakaribia kusambaratika, ndipo wakaitengenezea nakala. Ni ndogo, unaweza kuifumbata, lakini uso wake! Macho yamezama, meno yamechongoka. Mwanangu alikataa kuikaribia. Maboga ya leo yenye kutabasamu ni mapole kabisa mbele yake.

Usiku wenyewe unatokana na Samhain, sikukuu ya Wakelti, wenyeji wa kale wa huku, ya kufunga mavuno na kuingia nusu ya giza ya mwaka. Mifugo ilikuwa inarudishwa kutoka malishoni, na watu waliamini usiku huo wafu wanaweza kupita karibu. Kanisa nalo likawa linaadhimisha Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, hivyo 31 Oktoba ukawa mkesha wake. Jina Halloween linatokana na mkesha huo.

Taa nayo ina ngano yake. Palikuwa na Jack mmoja, mlevi na mchoyo, akamnasa Ibilisi juu ya mti kwa kuchora msalaba kwenye shina. Hakumshusha mpaka alipomwapia kwamba hataichukua roho yake. Jack alipokufa mbinguni hawakumtaka, na kuzimu Ibilisi akashika neno lake: sikuchukui. Akamtupia kaa la moto kumulikia njia. Jack akalitia ndani ya tanipu iliyotobolewa, na ndiyo anayotembea nayo hadi leo gizani. Watu husema hadithi hii ndiyo iliyolipa boga la taa jina lake la Kiingereza, jack-o'-lantern.

Halafu ikaja njaa. Kuanzia 1845 hadi 1852 ugonjwa uliteketeza viazi vya nchi hii, wakafa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni nyingine wakapanda meli. Wengi walikwenda Marekani na kukuta huko boga: kubwa, laini kuchonga, tayari lina uwazi ndani. Ukishakwangua tanipu mbichi kwa kijiko (nimefanya, mkono uliuma hadi kesho yake) unaelewa kwa nini hawakurudi nyuma.

Mzee_wa_Kanisa (Dallas)

Nimesoma kwa makini na namshukuru ndugu wa Ireland kwa kueleza bila kuficha. Mimi nyumbani kwangu siweki, na sababu ni hiyohiyo aliyoitaja: wafu, Ibilisi, na sura za kutisha. Nawaomba tu vijana msiwacheke wazazi wanaokataa. Kwao mambo ya mizimu si mchezo, wameyaona yakigawanya koo.

Kwa dada wa Minneapolis, kanisani kwetu tunafanya sikukuu ya mavuno mwisho wa Oktoba. Watoto wanachonga samaki, njiwa, nyota, masuke ya ngano. Boga ni chakula alichoumba Mungu, uso ndio tunaouchagua sisi. Muulize mama mkwe angependa kuona nini.

Mama_Wawili (Minneapolis)

Asante mzee wangu, nitamuuliza leo leo. Na ile hadithi ya Jack nitamsimulia, nadhani ataielewa kuliko mimi, ngano za namna hiyo anazo nyingi.

Shamba_Njombe (Njombe)

Salaam wakuu. Mimi nalima, nauliza kama mkulima. Je, haya maboga yetu yanaweza kuchongwa? Na pili, naomba nisieleweke vibaya, ila roho inaniuma kusikia boga la kilo 14 linatobolewa macho kisha linatupwa. Hapa boga ni chakula cha asubuhi, majani yake mboga, maua yake mboga, mbegu zake tunakaanga. Hakuna kinachotupwa.

MwanaMorogoro (Columbus, Ohio)

Mkuu, swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, na uko sahihi kuuliza.

La kwanza: yanachongeka, ila kwa jasho. Maboga mengi ya kwetu ni ya jamii nyingine za boga, nyama imeshikana, uwazi wa ndani ni mdogo, na ganda likikomaa ni gumu. Hayo hayo ndiyo yanayoyafanya yawe matamu kwa nazi. Kuchonga boga la aina hiyo ni kuliharibu kwa kazi isiyo yake, na kinyume chake, hili la Howden ukilipika utajuta. Hata boga la makopo la hapa Marekani halitoki kwenye haya ya mlangoni. Linatoka kwa sehemu kubwa jimbo la Illinois, kuzunguka mji wa Morton, kwa aina iitwayo Dickinson yenye ganda la rangi ya mchanga, ambayo ukiiona usingedhani ni boga la Halloween.

La pili sitalikwepa. Mengi sana yanaishia kwenye mapipa ya taka, na kwenye dampo yakioza bila hewa yanatoa methani. Hilo ni baya na halina utetezi. Ila si lazima liwe hivyo. Boga lisilopakwa rangi wala kumwagiwa nta linakubaliwa na wafugaji wengi, nguruwe, kuku na mbuzi wanalila lote. Usipopata mfugaji, likatekate ulifukie kwenye mboji, litakuwa udongo kabla ya msimu wa kupanda. Mbegu zitoe kwanza, la sivyo mwakani bustani nzima ni mashina ya maboga. Mimi naona mtu asiyejua boga lake litakwenda wapi Novemba asilinunue Oktoba.

Mbika_Tamu (Louisville, Kentucky)

Ndugu zangu, mkifika kwenye mbegu niachieni mimi! Siye watu wa Kongo hatutupi mbegu za boga. Nyumbani tunaziita mbika. Unazikausha, unazimenya, unazisaga, unachanganya na samaki au nyama, vitunguu, pilipili, unafunga ndani ya majani na kupika juu ya makaa. Hapa Louisville tuko wengi tuliotoka Kivu, na Oktoba majirani wanatushangaa tunavyowaomba mbegu wanazotaka kumwaga.

Za Howden si nono kama zetu na ganda lake ni zito kumenya. Kwa hizo fanya hivi: ziloweke kwenye bakuli la maji, uzivuruge kwa mkono, mbegu zinaelea, nyuzi zinaachana nazo. Zichemshe dakika kumi kwenye maji ya chumvi, chumvi iingie hadi ndani. Zipanguse, zitandaze zikauke kabisa, halafu zipake mafuta kidogo na kuziweka kwenye oveni ya nyuzijoto 160 hivi za Selsiasi. Koroga kila baada ya muda mpaka zigeuke rangi ya dhahabu na zianze kulia zikitafunwa. Ukizitia zikiwa mbichi za maji zitakuwa ngumu kama ngozi. Ganda na kiini vyote vinaliwa. Watoto wakijua mwisho wa kazi kuna mbegu za chumvi, hata kuchokoa zile nyuzi za ndani hawanung'uniki.

Nesi_wa_Zamu (Manchester)

Naomba nafasi kidogo, mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Halloween imekuwa kubwa hapa Uingereza pia, na wiki ya mwisho ya Oktoba tunapokea mikono.

Inavyotokea ni hivi. Kisu kirefu cha jikoni kinaingia kwenye ganda na kukwama. Mtu anakivuta kwa nguvu, kinachomoka ghafla, na mkono wa pili ulioshika boga ndio uko mbele yake. Au kinapenya upande wa pili na kukutana na vidole vilivyo ndani. Kano zinazokunja vidole zipo karibu sana na ngozi ya kiganja, kidonda kidogo kinatosha kuikata moja.

Kwa hiyo: boga kavu, mikono mikavu, meza imara, mwanga wa kutosha. Tumia ule msumeno mwembamba aliousema MwanaMorogoro, na uelekee mbali nawe. Mkono wa kushikilia usikae kwenye njia ya msumeno, wala ndani ya boga. Mtoto mdogo achore na atoe mbegu, kukata ni kwa mkubwa. Ukijikata, bana kwa kitambaa safi, inua mkono upite usawa wa moyo. Kama kidole hakikunjiki, au ncha yake imekufa ganzi, au damu haikomi baada ya kubana dakika kumi na zaidi, njoo hospitali usiku huohuo. Usisubiri asubuhi kwa sababu kidonda ni kidogo.

Kijana_wa_Eldoret (Anoka, Minnesota)

Mama_Wawili uko karibu nami, mlete mtoto Anoka! Mji huu unajiita makao makuu ya Halloween duniani. Mwaka 1920 wakubwa wa mji walichoshwa na vijana waliokuwa wakifungulia ng'ombe na kuangusha vyoo vya nje usiku wa Halloween, wakaamua kuwapa kitu cha kufanya: gwaride, peremende na moto wa kuota. Limekuwa desturi tangu hapo.

Na ndipo anapotoka Travis Gienger, mwalimu wa kilimo cha bustani, ambaye mwaka 2023 alipeleka boga lake Half Moon Bay, California, likapimwa kilo 1,247, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Maboga ya ukubwa huo ni ya mbegu iliyotokana na Atlantic Giant ya Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada. Hayafanani na boga la mviringo hata kidogo, yanalala chini kwa uzito wake mwenyewe. Lakini ukisimama pembeni yake na kufikiri kwamba lilitokana na mbegu moja iliyopandwa majira ya kuchipua, unashukuru tu.

Kwa wanaopenda wingi, mji wa Keene, New Hampshire, uliwasha maboga 30,581 kwa pamoja mwaka 2013. Picha za usiku ule zitafuteni, ni mnara mzima wa nyuso.

Mama_Wawili (Minneapolis)

Wapendwa, mrejesho. Mama mkwe alisikiliza hadithi ya Jack hadi mwisho, akasema huyo Jack alistahili. Kisha akaomba tuchonge kuku na vifaranga. Tumeanza leo mchana, yeye ndiye aliyekwangua, na anakwangua kwa bidii kuliko sisi sote. Swali langu: shule wanalitaka baada ya siku nne na kingo zimeanza kulegea. Nafanyaje?

MwanaMorogoro (Columbus, Ohio)

Hongera dada, na mpe mama shikamoo yetu. Kuku ni chaguo zuri sana, na ningekushauri manyoya usiyatoboe. Kwangua ganda tu, uache nyama ya ndani ibaki kwa unene tofauti. Palipo pembamba patang'aa njano, palipo panene patakuwa na rangi ya kahawia nyekundu, na kuku atakuwa na vivuli. Huo ndio uchongaji ninaoupenda kuliko macho ya pembetatu.

Kulegea kunatokana na kukauka. Lizamishe zima kwenye ndoo au beseni la maji ya baridi usiku kucha, asubuhi utalikuta limekaza. Weka jiki kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa maji ya lita nne hivi, ili kuua ukungu. Litoe, ligeuze maji yatoke, lipanguse ndani na nje, kisha paka mafuta ya mgando kwenye kingo zote zilizokatwa ili yafunge maji ndani. Taa iwe ya betri. Mshumaa unalipika boga kutoka ndani, na kwenye ukumbi wa shule wenye karatasi na nguo za watoto usiuweke kabisa.

Lihifadhi penye baridi, gereji inafaa. Lakini huko Minnesota angalia usiku wa baridi kali: likiganda halafu likayeyuka, linageuka uji. Ukiliacha nje mchana, kindi watalila kuanzia kwenye kingo. Boga lililochongwa hukaa siku tatu hadi wiki, kwa hiyo la mlangoni lichongwe tarehe 28 au 29, si mapema zaidi. Ambalo halijachongwa linaweza kukaa miezi miwili au mitatu mahali pakavu.

Na kwa kuwa hili limeshalowekwa kwenye jiki na kupakwa mafuta, usimpe mfugaji. Kata zile kingo zilizopakwa uzitupe, suuza linalobaki, ulipeleke kwenye mboji. Mbegu mpelekeeni Mbika_Tamu, au mzichome kwa ile chumvi yake.